LokSound 5 mu lokomotive ya mvuke: sauti iko bien, lakini mwendo njo unalipa franga

Niseme straight ba-ndugu ba L'shi, kama uko na ka-treni ka modeli ka mvuke ka zamani, ile ya 1:87 yenye kupita ku reli za 16.5 mm, na unataka kuiwekea dekoda ya sauti kama LokSound 5 (ka-kadi ka elektroniki kenye kuongoza moteri, taa na sauti), usinunue juu ya sauti peke yake. Batu banaangalia video, banasikia moshi unapumua na filimbi inalia, banatoa franga mbio mbio. Hata mi sauti njo ilinivuta. Ila kitu chenye kunirudisha ku meza kila magaribi ni ule mwendo wa pole pole.

Yangu ni Klasi 50 ya Wajerumani, matairi kumi ya kuvuta, shangazi alinitumia kutoka Ubelgiji. Zamani na transfo ya kawaida ilikuwa hivi: unazungusha kifungo, inabaki pale pale, unazungusha tena kidogo, paf, inaruka kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Sasa na DCC, ile namna ya kuongoza treni kwa amri za dijitali, reli ziko na umeme wote saa zote, amri zinapita mu umeme ule ule, na dekoda ya ESU, kampuni yenye kutengeneza LokSound, inapima moteri inazunguka namna gani, ikiona imechoka inaongeza nguvu yenyewe. Unaona matairi yanatambaa, ile mikono ya chuma inapanda inashuka moja moja, na bado inavuta mabehewa. Kuna kitu inaitwa otomatiki ya kurekebisha moteri: unaandika 0 mu CV54 (CV ni namba za mipangilio ndani ya dekoda), unabonyeza kifungo F1 cha kuongozea treni, inatoka mbio yenyewe kidogo halafu inajua moteri yako. Weka reli ndefu mbele, na isikuwe karibu na mwisho wa meza, juu haikuulizi.

Kazi ya kuweka nilimpa fundi mmoja wa telefone. Kijana hajawahi kuona dekoda maisha yake lakini mkono wake ni mwepesi, anazoea kulehemu vitu vidogo kupita hivi. Nilimwambia kitu kimoja tu: moteri isiguse chasi hata kidogo, juu mu treni za zamani brashi moja inapata umeme kupitia chuma chenyewe, ukiacha hivyo dekoda inaungua siku ya kwanza. Alipima na multimeta kila upande kabla ya kuunga kitu. Halafu fili ni rangi tu: nyekundu na nyeusi zinaenda ku reli, ya orange na ya kijivu ku moteri, nyeupe taa ya mbele, manjano ya nyuma, bluu ni ya pamoja ya taa. Dekoda na spika tuliweka mu tenda, ka-behewa ka makaa ka nyuma ya lokomotive, chini ya makaa ya bandia.

Ku spika njo usifanye ubahili. Spika bila boksi inalia kama... hapana, hailii hata, inanong'ona. Ka-spika kadogo lakini kenye boksi yenye imefungwa vizuri pande zote kanatoa besi yenye hautaamini. Ongeza pia ile kondensa ya kutunza umeme sekunde chache, juu vumbi letu la kiangazi, ile nyekundu, inakaa ku reli kila siku na sauti inakatika katika. Napangusa na alkoli, lakini bila kondensa ingekuwa mateso. (Umeme wa kartie ukienda ni habari ingine, pale unafunga meza unaenda kulala.)

Kitu chenye kilinikasirisha: duka lenye liliniuzia ku intaneti lilituma dekoda yenye sauti ya dizeli. Lokomotive ya mvuke inawaka kama lori la Kasumbalesa! Walinijibu nibadilishe mi mwenyewe. Sauti zenyewe ESU inaziacha bure ku saiti yao, ila kuziingiza lazima LokProgrammer, kifaa cha kuunga dekoda na kompyuta, na ile ni franga ingine juu ya dekoda yenye tayari inapita euro 100. Nilipata wa kuazima. Muulize muuzaji sauti gani iko ndani mbele ya kulipa.

Baada ya hapo utacheza na CV57 na CV58 mpaka pumzi zilingane na matairi. Silinda mbili, ni pumzi nne kila tairi ikizunguka mara moja. Hapa ba-mzee ba reli hawadanganywi. Jirani yetu mmoja, papa wa BCK wa zamani, ile kampuni ya reli ya Katanga, alihesabu na kidole ku meza, akasema iko tatu na nusu, nikarudi kurekebisha. Filimbi bado hajaikubali, anasema ni nyembamba sana, yeye masikio yake yalizoea zile Garratt, lokomotive kubwa za mvuke za reli ya Benguela ya Angola, zenye zilikuwa zinachoma miti ya eukaliptusi, alikuwa anazisikia upande wa Dilolo. Ni kweli, sauti ilirekodiwa Ulaya, unapata filimbi ya Ulaya.

Kama yako iko na soketi ya pini nane, chomeka tu, hata fundi hautamhitaji. Kama haina, anza na moteri: isafishe, itie mafuta kidogo, ione inazunguka vizuri na transfo ya zamani. Dekoda haiponyeshi moteri mgonjwa, itatengeneza tu kelele nzuri juu ya kitu chenye kukwama.