Portulaka na Kisirani Nilichobandikwa

Kama unaishi Malindi na umetamani portulaka, yaani yale maua mafupi yenye majani manene yanayotambaa na kufunika ardhi kwa rangi, nunua bila wasiwasi, lakini usikubali aliyekuuzia ndiye akupandie. Mimi nililipia vyote viwili, miche na kazi, katika kitalu kimoja cha hapa mjini, na hiyo kazi ndiyo iliyonifanya niandike.

Kijana wa kitalu alikuja jioni moja, masika ikikaribia, na maua yote yalikuwa yamejifunga. Nilipomwuliza sababu, alinijibu kwamba yamechoka na safari ya tukutuku. Portulaka hufunguka kwa jua na kujifunga jua linapopungua, na siku ya mawingu mazito huweza kubaki limefumba mchana kutwa. Kila ua huishi takriban siku moja tu, na kesho yake huchanua mengine. Haya angeyaona mtoto yeyote aliyekaa karibu na mmea huo kwa siku mbili, sembuse mtu anayekula kwa kuuuza.

Ua wangu ni mchanga mtupu juu ya mawe ya matumbawe, kama nyumba nyingi za huku zilizo karibu na bahari, na mmea huu hautaki kitu bora kuliko hicho. Asili yake ni Amerika ya Kusini, pande za Brazili, Uruguai na Argentina, nao huhifadhi maji ndani ya majani na mashina, ndiyo maana huvumilia ukame na hauvumilii kamwe mizizi kulala katika tope. Yeye aliufukua mchanga wangu, akajaza udongo mzito uliotoka kandokando ya Mto Sabaki, akauchanganya na samadi ya ng'ombe, kisha akaniagiza nimwagilie asubuhi na jioni. Hata bila maji hayo samadi ingetosha kuniudhi, kwa kuwa rutuba ikizidi majani hunawiri na maua huwa haba. Mvua ziliposhika kasi, udongo ule ulituamisha maji, mashina yakalainika kuanzia chini, yakageuka meusi na kuanza kunuka.

Nilikwenda kitaluni kwa heshima, nikiwa na shina moja lililooza ndani ya mfuko. Kijana hakunisalimu. Alilitazama, akacheka, akasema mbele ya wateja wengine: "Mama, labda mkono wako una kisirani." Mimi ni mtu mzima, nina wajukuu, na mwarobaini ulio mlangoni pangu niliupanda kwa mkono huohuo. Nilimwambia, "Mwanangu, udongo uliuleta wewe, maji uliyaamuru wewe, kisirani kimekuwa changu?" Akanigeuzia mgongo na kumhudumia mzungu mmoja aliyetaka minazi ya mapambo. Tangu siku hiyo kila nikipita karibu na mahali pale kichwa huniuma, na nilikusudia kuandika kwamba hakuna hata mche mmoja wa kununua kwake.

Hata hivyo haki lazima isemwe, ingawa inanichoma. Kabla mashina hayajaisha yote, nilikata ncha zilizokuwa bado nzima, zenye urefu wa kidole, nikazichomeka katika karai bovu lililotoboka chini na kujaa mchanga wa kujengea, nikaliweka juani na kulimwagilia pale tu mchanga ulipokauka. Zilitoa mizizi upesi bila dawa wala mbolea. Sasa karai limefurika hadi nje: manjano, waridi, chungwa, na jekundu moja ambalo sijaliona kwingine hapa Malindi, na nyuki hulijia mapema mara yanapofunguka. Kwa hiyo miche yake ilikuwa mizuri, pengine mizuri kuliko yote inayouzwa mjini, na nilifikia hatua ya kufikiri kwamba ningemsamehe na kumwelekezea wateja wa miche peke yake.

Nilifikiri hivyo mpaka juzi, aliponitumia ujumbe kwa simu, bila shikamoo wala pole, akiomba picha ya karai langu awaonyeshe wateja wake jinsi kazi yake inavyopendeza. Kazi yake! Basi nimelifuta lile wazo la msamaha, na sifa ya miche naiacha hapo juu kwa kuwa ni kweli, si kwa kuwa anaistahili. Portulaka haihitaji kununuliwa mara mbili, maana kipande kimoja huzaa bustani, na nimeanza kuwakatia majirani wote wa mtaa wetu bure, kila mmoja na rangi aitakayo, pamoja na maelekezo ya mchanga, jua na maji machache. Wateja watakaompungukia kwa sababu hiyo awahesabu kuwa malipo ya kisirani changu.