Nililipia siku tatu, nikatumia mbili: uzoefu wangu kwenye tamasha la manga na anime Nairobi

Nimesoma manga, yaani hadithi za katuni za Kijapani, kwa miaka kumi na moja bila kushika kitabu hata kimoja cha manga. Kwetu Mikindani, Mtwara, manga ni kitu cha kioo cha simu: unasukuma ukurasa kwa kidole, na bando likikata unasubiri kesho. Nilianza na kurasa zilizotafsiriwa na mashabiki wenyewe, zilizokuwa zikisambazwa kwenye makundi ya WhatsApp zikiwa na maandishi yaliyofifia, na ilipokuja programu ya MANGA Plus ya kampuni ya Shueisha, Januari 2019, nikahamia huko kwa sababu sura mpya husomeka bila malipo siku ileile zinapotoka Japani, ingawa ni kwa Kiingereza na lugha nyingine za mbali, si kwa Kiswahili. Kwa hiyo nilipofunga safari kwenda kwenye tamasha kubwa la wapenzi wa katuni, anime (filamu za katuni za Kijapani) na michezo ya video jijini Nairobi, sikuwa nikifuata hadithi, maana hadithi ninazo mfukoni. Nilifuata vitu vinavyoshikika. Mimi ni fundi cherehani, na ninalieleza hilo mapema ili msomaji ajue nimelipima tamasha kwa futi kamba gani.

Safari yenyewe haihitaji maneno mengi. Nilitoka stendi ya Mkanaledi alfajiri ya Jumatano, nikapita Lindi, Nangurukuru na Daraja la Mkapa, na baada ya kilomita takribani 560 nikalala kwa shangazi yangu Mbagala. Alhamisi alfajiri nilipanda basi la Nairobi katika stendi ya Magufuli, Mbezi, tukavuka mpaka wa Namanga jioni na kuingia mjini usiku, miguu ikiwa imevimba kiasi kwamba viatu havikuingia tena. Tiketi yangu ilikuwa ya siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili, kwa shilingi 2,500 za Kenya, ambazo kwa kiwango nilichobadilishia zilikuwa kama 50,000 za kwetu. Laini yangu ya Tanzania ilikataa kuilipia, ikabidi binti wa jirani anayesoma huko anilipie kwanza. Ijumaa yote nililala. Siku hiyo niliyoipoteza siilaumu kwa waandaaji, bali najilaumu mwenyewe kwa kununua tiketi ya siku tatu kana kwamba ninaishi mtaa wa pili.

Kwenye tamasha la namna hii wengi huvaa kama wahusika wa hadithi, mtindo uitwao kosplei, na vazi nililovaa nalo lina sehemu yake katika simulizi hili. Haori, lile koti la wazi la Kijapani linalovaliwa juu ya kimono, hukatwa kwa vipande vilivyonyooka karibu vyote, kwa sababu kitambaa chake cha asili hufumwa chembamba, upana wa sentimita 36 hivi, na fundi huviunganisha vipande hivyo bila kupoteza nguo. Nilipolitambua hilo niliiweka kando satini niliyokuwa nimenunua, nikachukua kanga doti moja, nyeusi na nyekundu. Pindo nililiacha likae chini na kwenye mikono, na jina la kanga, "Mgeni njoo mwenyeji apone", nikalipanga lisomeke mgongoni, chini kidogo ya mabega. Bitana nilitia tetroni nyeusi. Nililishona kwa siku tatu katikati ya sare za shule za watu, na mama jirani akawa kila akipita ananiuliza hilo ni joho la sherehe gani.

Jumamosi nilifika mlangoni saa mbili na nusu asubuhi, kwa kuwa tangazo lilisema milango ingefunguliwa saa tatu. Bangili ya karatasi nilivikwa saa sita kasorobo. Kulikuwa na foleni mbili, ya waliokwisha kulipa na ya wanaonunua palepale, lakini mbele zilikutana kwenye mashine mbili tu za kusoma tiketi, na mojawapo ilikuwa ikizimika mara kwa mara, huku manyunyu yakitushukia na rangi za nyuso za watu zikianza kuchuruzika. Mlinzi aliyepekua mfuko wangu alitoa mkasi wangu mdogo wa kukatia nyuzi.

"Madam, makasi haiwezi kuingia."

"Dada, mimi ni fundi, huo ni wa nyuzi tu."

"Hata wa nyuzi."

Katazo la vyuma vyenye makali ninalielewa, kwani nyuma yangu alikuwapo kijana mwenye upanga wa bati uliokwisha kumkwaruza mwenzake. Nisilolielewa ni kwa nini mkasi ulitupwa kwenye ndoo pamoja na visu vya matunda bila kibandiko wala risiti. Jioni ndoo ilikuwa haipo, na hakuna aliyekuwa na habari nayo.

Ukumbi mkubwa nitaupita haraka, kama nilivyoupita siku ile. Ulikuwa na viwambo vikubwa, vijana wakishindana michezo ya video, na muziki uliowalazimu watu wawili waliosimama karibu kuzungumza kwa kupigiana kelele. Upande wa maduka kuliuzwa fulana, mabango na sanamu ndogo za wahusika. Moja ya sanamu hizo, ya shilingi 4,500 za Kenya, niliigeuza mkononi nikaona mstari wa kalibu ukipita shingoni, rangi ya jicho imemwagikia kwenye nyusi, na boksi halina jina la kiwanda. Niliirudisha mezani.

Katikati ya zogo hilo alipita mtu aliyevaa deraya nzima, kuanzia kichwani hadi miguuni, iliyotengenezwa kwa mikeka ya povu ya kufanyia mazoezi. Mikeka hiyo hupashwa joto ili ikunjwe, hupakwa gundi kuziba vitundu, kisha hupigwa rangi hadi ionekane chuma. Watoto walimzunguka wakitaka kujua ni nani aliyemo ndani, na mwenzake aliyekuwa akimwongoza njia akajibu kwamba huyo haongei. Nilicheka peke yangu. Kwetu kwa Wamakonde lipiko, mcheza ngoma aliyevaa kinyago, akiingia uwanjani hakuna anayeuliza ni mtoto wa nani, na mimi mwanamke sitakiwi hata kuwaza kwamba ndani mna mtu. Nilimpisha kwa adabu ileile.

Mashindano ya kosplei yalichelewa kwa saa mbili na ushei. Katika mashindano ya aina hii waamuzi kwa kawaida hukagua kazi ya mikono nyuma ya jukwaa kabla ya onyesho, na hata kwenye mashindano ya dunia yanayofanyika Nagoya tangu mwaka 2003 ufundi wa vazi huhesabiwa pamoja na uigizaji. Mtazamaji wa kawaida, hata hivyo, anabaki na muziki na mwendo. Nilikuwa safu ya nyuma kabisa, nikawa naona mbawa, taa na makofi, lakini sikuona mshono hata mmoja. Niliondoka kabla washindi hawajatangazwa.

Niliondoka pia kwa sababu kwapa la haori lilikuwa limefumuka. Nilikuwa nimeinua mikono kwa ajili ya picha pengine mara hamsini, kanga ni pamba nyepesi, na mimi kwa haraka nilipitisha mshono mmoja tu bila kuumalizia kwa ovaloki, kosa ambalo nisingemsamehe mwanafunzi wangu. Kwenye kona, karibu na vyoo, palikuwa na meza ya matengenezo ya dharura yenye bunduki ya gundi, pini, sindano na uzi wa rangi nne, ikisimamiwa na kijana mmoja aliyeijua gundi vizuri lakini aliyeishika sindano kama kalamu. Nilijishonea. Nilipokuwa namalizia akaja binti ambaye zipu yake ya mgongoni ilikuwa imechomoka, nikamshonea. Akafuata kijana aliyepasukwa suruali mahali pasipotajika, na baada yake pakawa na foleni. Nilikaa pale saa moja na nusu, nyuzi nikizikata kwa meno.

Hiyo ndiyo saa na nusu bora zaidi ya Jumamosi yangu, kwa sababu nguo zilikuja kwangu zikiwa zimegeuzwa ndani nje. Koti moja ambalo kwa mbele ningeapa limetoka kiwandani, ndani lilikuwa limeshikizwa kwa pini za steplazi. Gauni jingine la kahawia, ambalo hakuna aliyekuwa akilipiga picha, lilikuwa na mishono yote ya kufichwa, kingo zimemezwa, hakuna uzi hata mmoja unaoning'inia. Mwenyewe aliniambia alijifunza kwa kufumua nguo za mitumba na kuzishona upya. Tulizungumza mno. Aliusoma mgongo wangu kwa sauti, akacheka, akasema, "Dada, wewe unaongea Kiswahili cha taarifa ya habari. Umetoka wapi?" Nikamjibu Mtwara. "Hiyo ni Dar?" Nikamwambia kwamba ukifika Dar bado una siku nzima ya basi. Malipo yangu ya siku hiyo yalikuwa soda moja na stika sita.

Jumapili watu walipungua, na waliobaki ni wale wanaosimama kwenye meza wakasikiliza. Hapo ndipo nilipoziona vizuri meza za wachoraji, ambazo Jumamosi zilikuwa zimefunikwa na migongo ya watu. Wengi walikuwa vijana wa Kenya waliochapisha kazi zao wenyewe: vijitabu vya nusu karatasi vilivyobanwa kwa pini mbili, shilingi 300 hadi 500 za Kenya. Wajapani huviita dojinshi vitabu vya namna hii ambavyo wachoraji hujichapishia, na tamasha la Comiket, ambalo siku hizi hujaza kumbi za Tokyo Big Sight, lilianza kwa meza za aina hiyohiyo Desemba 1975, likiwa na vikundi 32 na wageni wapatao 700. Nilinunua kijitabu kimoja ambacho wahusika wake wanazungumza Sheng, lugha ya mtaani ya vijana wa Nairobi. Nusu ya maneno sikuyaelewa, lakini nilimkumbuka baba yangu na nakala zake za Sani, jarida la katuni la Tanzania, alivyokuwa akicheka peke yake na akina Lodi Lofa na Ndumilakuwili.

Mchoraji mmoja aliniachia nibu ya chuma inayoitwa nibu ya G, inayochovywa kwenye wino, nijaribu. Ukiiburuta bila kuikandamiza inatoa mstari mwembamba kama unywele. Ukiikandamiza, ncha yake inapanuka na mstari unanenepa hapohapo, kisha ukilegeza mkono unarudi kuwa mwembamba. Mistari hiyo nimeitazama kwenye simu kwa miaka kumi na moja nikidhani mchoraji huipitia mara mbili. Wangu ulitoka kama mguu wa kuku, akanipa nijaribu tena, na tena.

Kitabu nilikipata kwenye meza ya mwisho, kwa muuzaji wa vitabu vilivyotumika. Vya Kiingereza vilikuwa shilingi 1,800 za Kenya, vya Kijapani 500, nami nikachukua cha Kijapani ingawa sisomi hata herufi moja, kwa kuwa hadithi yake ninaijua na bei ilinifaa. Ni kidogo kuliko nilivyodhani, urefu wa sentimita 17 hivi, kina jaketi la karatasi linaloweza kuvuliwa, na karatasi ya ndani ina ukavu unaosikika kidoleni. "Hicho huanzia nyuma, dada," muuzaji akanitahadharisha, lakini nilikuwa nimekwisha kukifungua kwa upande wa kulia. Vidole vilijua. Chuoni, yaani madrasa, tulifungua juzuu hivyo, na bibi yangu aliandika barua zake za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto. Pembeni ya herufi kubwa za Kijapani kuna herufi ndogo ndogo, furigana, zinazomsaidia msomaji mdogo kutamka, nami nikaona ni jamaa wa zile alama za irabu tulizowekewa tulipokuwa wanafunzi.

Kwa anayetoka Kusini na kutaka kwenda: nauli, malazi, tiketi na vitu nilivyonunua vilinifikisha kwenye shilingi 420,000 za kwetu. Nitarudi, ila nitanunua tiketi ya Jumapili peke yake, nitabeba fedha taslimu za Kenya kwa sababu wachoraji wengine hawana namna ya kupokea kutoka laini ya nchi nyingine, na nyuzi nitazikata tena kwa meno. Jukwaa kuu sitalifuata.

Kitabu sasa kinakaa kwenye droo ya cherehani, pamoja na bobini. Bibi alikipokea, akakifungua kulia, akakitazama ukurasa kwa ukurasa hadi mwisho bila kuuliza kitu. Vijana wa sekondari hupita kukiona jioni, wawili wawili, na sharti ni moja tu katika msimu huu wa korosho: anayetoka kubangua anaanzia kwenye ndoo ya maji na sabuni.