Sukuma ya mama yapitia chupa: maoni yangu kuhusu huduma ya miche ya maabara

Mwaka jana nilipeleka vichipukizi sita vya sukuma wiki ya mama yangu katika maabara moja ya binafsi iliyo pembezoni mwa Nairobi, ambayo hupokea mmea wa mteja, huusafisha kwa ukuzaji wa tishu, yaani kuotesha kipande kidogo sana cha mmea ndani ya chupa, kisha humrudishia miche. Sukuma hiyo imekuwa Limuru kwa zaidi ya miaka ishirini. Ni ile ya mti mrefu wenye matawi mengi, isiyochanua ovyo, na majani yake hubaki laini hata wakati wa kiangazi. Hupandwa kwa kuvunja chipukizi la pembeni na kulichomeka ardhini, na kwa njia hiyo kila mche umerithi maradhi ya mzazi wake, hata majani yakawa yamejikunja na kujaa mabaka ya manjano, na mama akaanza kuzungumzia kuing'oa yote.

Msomaji atauliza kwa nini nisinunue tu pakiti ya mbegu. Ni swali la haki, kwa sababu virusi vya mozaiki vya tanipu na vile vya koliflawa, ambavyo huleta mabaka kama hayo na huenezwa na vidukari, wadudu wadogo wafyonza utomvu, katika mimea ya jamii ya kabeji, havipiti kwenye mbegu. Tatizo ni kwamba sukuma haipendi kujichavusha yenyewe. Huchanganyika na ya jirani, hata na kabeji, na watoto hawafanani na mama yao. Aliye na mmea mmoja anaoupenda hana budi kuuzidisha kwa vipande vyake mwenyewe.

Kazi yenyewe niliruhusiwa kuitazama kupitia dirisha la kioo, na sina la kulaumu hapo. Fundi alisafisha chipukizi kwa jiki iliyozimuliwa, akaliweka chini ya darubini na kuambua jani baada ya jani mpaka ikabaki ncha isiyofika nusu milimita. Ncha hiyo, iitwayo meristemu, haijapata mishipa ya kupitishia utomvu, na virusi vingi huwa havijaifikia. Aliiweka juu ya jeli yenye sukari gramu 30 kwa lita na chumvi zilizopimwa kwa fomula ya wanasayansi Murashige na Skoog ya mwaka 1962, jeli ambayo hupikwa kwa mvuke wa nyuzi 121 ili kuua kila kijidudu. Baadaye homoni moja huchochea machipukizi yaongezeke, na nyingine huotesha mizizi.

Niliahidiwa miche 60 baada ya miezi minne, nikaipata baada ya saba. Niliambiwa kundi la kwanza liliingia ukungu, jambo linaloweza kutokea katika maabara yoyote, ingawa ningeshukuru kama ningepigiwa simu badala ya mimi kupiga kila mwezi.

Hitilafu kubwa ilikuwa siku ya kukabidhiwa. Mche wa chupa umelelewa katika hewa yenye unyevu mwingi. Jani lake lina nta kidogo, na vitundu vyake vya kupumulia havijui kujifunga. Unahitaji wiki kadhaa chini ya nailoni na neti ya kivuli, huku ukifunuliwa kidogo kidogo, kabla ya kuonyeshwa jua la Nairobi. Yangu ilikuwa imekaa kivulini siku tano. Nilipoipindua trei moja nyumbani niliona mizizi bado imeshikwa na vipande vya jeli, vyeupe kama ute wa yai, na sukari iliyomo ndani yake ni karamu kwa ukungu. Ilikufa miche 22. Nilipolalamika walinipa mingine 15 bila malipo na bila ubishi, nami nawapa heshima yao kwa hilo.

Lililoniudhi zaidi ni maneno. Kijana wa mapokezi aliniambia, "Mzee, hii sasa ni mbegu mpya iliyoboreshwa," na karatasi ya risiti ikarudia vivyo hivyo. Si kweli. Nilichorudishiwa ni mmea uleule, ukiwa umesafishwa. Haukuongezewa kinga yoyote. Kuboresha mboga kwa njia hii kupo, lakini ni kazi nyingine. Wajapani waliokoa viinitete vichanga, yaani mimea inayoanza kuumbika ndani ya mbegu, vya mseto wa kabeji ya Kichina na kabeji ya kawaida, ambavyo vingekufa ndani ya tunda, wakavilea kwenye chupa na kutangaza mboga iitwayo Hakuran mwaka 1959. Wengine huotesha chembe changa za chavua, kisha hurudufisha kromosomu zake, yaani nyuzi zinazobeba urithi, wakapata katika kizazi kimoja ukoo thabiti, ambao watoto hufanana na mzazi, na ambao mzalishaji wa mbegu angeutafuta kwa vizazi sita au zaidi. Maabara hii haifanyi lolote kati ya hayo, wala haina haja ya kujisingizia, maana usafishaji peke yake ni huduma ya kutosha.

Nililipa shilingi 80 kwa mche, ilhali mche wa kitalu cha kando ya barabara nauziwa shilingi tano. Kwa managu au terere, zinazotoa mbegu tele, huo ungekuwa upotevu wa pesa. Kwa sukuma ya aina hii, nashauri ununue michache iwe mama, uifunike kwa neti isiyopitisha vidukari, kisha uchume vichipukizi vyako humo. Mimi sikufunika. Wiki ya kumi vidukari vilitoka shamba la jirani hapa Kahawa West, na tayari nimeng'oa miche miwili yenye mabaka.

Kumi nilimpelekea mama. Aligeuza jani akachungulia upande wa chini, akauliza bei, nami nikamtajia nusu yake.