Wakala wa ajira au kuomba kazi mwenyewe?

Tangu ujenzi wa bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani uanze, swali hili halikauki vijiweni hapa Tanga.

Kwa gharama, wakala anapaswa kuwa nafuu, kwa sababu anayemlipa ni mwajiri. Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unakataza kimsingi mtafuta kazi kutozwa ada, hivyo anayedai "hela ya fomu" kabla ya usaili ni wa kuogopwa. Anayekwenda mwenyewe hulipia nauli, nakala za vyeti na bahasha ya kaki, ambayo mara nyingi huishia mezani kwa mlinzi wa geti.

Kwa upande wa uhakika wa kupata kazi, wakala hujua nafasi zisizotangazwa, lakini humtumikia anayemlipa: ukimwambia unatafuta "kazi yoyote", jina lako litalala kwenye faili. Mweleze ujuzi wako, mshahara unaoukubali na kampuni ulizokwisha kuziomba, maana jina likimfikia mwajiri kwa njia mbili huweza kuzuka mvutano wa nani alipwe, na anayeachwa ni wewe (nimeona likimkuta fundi hodari wa kuchomelea).

Ufuatiliaji hauepukiki kote kuwili.

Mhasibu au fundi mzoefu atanufaika zaidi na wakala. Kijana anayelenga maduka na karakana ndogo za Ngamiani, ambazo kwa kawaida haziajiri kwa njia hiyo, aende mwenyewe, tena asubuhi, kabla mwenye karakana hajazidiwa na wateja.