Uskauti wa mbali bila kikundi karibu: uzoefu wetu huku Bwera

Kwa wale wasiopenda kusoma marefu niseme mapema tu: inafaa, na karibu yote ni bure ukitoa bando, ila usimpe mtoto simu ukategemea simu ndio imfanye skauti. Anahitaji mtu mzima mmoja wa hapo hapo nyumbani au jirani, na wenzake wawili watatu wa kushika naye kamba.

Sisi tuko Bwera, mpakani na Congo, wilaya ya Kasese. Uskauti uko Uganda tangu 1915, na kambi kubwa ya Kaazi iko kule ziwani upande wa Kampala, lakini huku vikundi vinakaa kwenye mashule na shule anayosoma kijana wangu haina. Shule yenye skauti niliyoipata iko Kasese mjini, na nauli ya kila wikendi kwa mama anayeuza vitenge sokoni haiwezekani. Na mimi nilikuwa nautaka kweli uskauti kwa huyu mtoto. Tangu mafuriko ya mto Nyamwamba ya 2020, maji yakaingia mpaka hospitali ya Kilembe, nimekuwa nikisema mwanangu lazima ajue kufunga kamba, kumfunga mtu bandeji, na kutulia wakati watu wanapiga mayowe.

Basi kuna kiongozi mmoja wa skauti huko mjini, mtu mwema sana, akakubali kutulea kwa WhatsApp. Alinitoa wasiwasi akasema mama, hii sio kitu kigeni, Marekani wana Lone Scouts, yaani skauti wa peke yake, bwana mmoja W. D. Boyce aliianzisha 1915 kwa ajili ya watoto wa mashambani, 1924 ikaingia ndani ya chama kikubwa cha skauti cha nchi hiyo, na mpaka leo mtoto anayekaa mbali anafanya kazi zile zile za wenzake akiwa na mtu mzima wa kumsimamia. Nikasema kumbe, basi msimamizi ni mimi.

Kazi zinakuja kwa voisi. Anamtumia kijana maelezo, tunafanya, tunarudisha picha au video fupi, anasahihisha. Alama za njia ndizo zilizomkamata mtoto kuliko vyote. Mawe, vijiti, majani yaliyofungwa, unamwonyesha mwenzako pa kupita na pa kutopita, na kwetu vijia vya kwenye mashamba ya kahawa vinatosha kabisa, hauhitaji kununua chochote. Alipoambiwa kwamba kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, liko hapa hapa Afrika Mashariki, Nyeri, Kenya, alizikwa huko 1941, na jiwe lake lina duara lenye nukta katikati, alama ya skauti ya kusema nimerudi nyumbani, siku hizo alichora hiyo duara kila mahali mpaka kwenye ukuta wa jikoni.

Mafundo sasa, hapo ndio pagumu. Video za mafundo ziko nyingi lakini karibu zote mwalimu amekuelekea uso, kwa hiyo mkono wake wa kulia uko kushoto kwako, na lile fundo rahisi la kuunganisha kamba mbili, kulia juu ya kushoto halafu kushoto juu ya kulia, mtoto akiligeuza kidogo tu linatoka fundo la ovyo, linaonekana zuri lakini ukilivuta linateleza. Tulikaa na kamba ya katani ya mbuzi, tunafunga, tunavuta, linateleza, tunafungua. Kilichotusaidia ni kumwomba kiongozi arekodi simu ikiwa nyuma ya bega lake, ili mikono yake ikae upande mmoja na ya mtoto. Siku hiyo hiyo akaliweza. Kama wewe ni kiongozi na unafundisha kwa simu, tafadhali rekodi hivyo, usiwatese watoto.

Halafu Oktoba kuna JOTA-JOTI, na hii naisifu bila kubana. Ni jambore ya dunia nzima ya redio na intaneti, wikendi ya tatu ya mwezi, usajili bure, skauti wanaongea wao kwa wao kutoka nchi zote. Upande wa redio ulianza 1958. Kuna kozi fupi ya usalama mtandaoni, mzazi usiiruke, kaa na mtoto muisome pamoja. Mambo ya kutotoa jina la shule, namba ya simu, picha ya nyumbani, yote wanaeleza vizuri, na mimi mwenyewe nilijifunza. Kijana aliongea na watoto wa mbali sana kwa Kiingereza chake hicho hicho cha shule, halafu akakutana na skauti wa Tanzania wakahamia Kiswahili, hapo sasa alicheka mpaka chumbani nikamsikia.

Upande wa redio hatuna leseni wala mitambo, na sheria ni kwamba unaongea chini ya mtu mwenye leseni. Lakini kusikiliza unaweza. Masafa ya skauti yanajulikana, kwa mfano 14.290 na 7.090 megahezi. Ukijaribu na redio ya kawaida ya shotiwevu sauti inatoka kama bata, kwa sababu wale mabwana wanatumia namna nyingine ya kurusha ambayo redio zetu haziwezi kuifungua. Dawa yake ni ile redio ya mtandaoni ya chuo kikuu cha Twente, Uholanzi, unaifungua kwenye simu tu, unachagua masafa, unasikia. Stesheni za Uganda jina lao linaanza na 5X, za Kenya 5Z, Tanzania 5H, Congo 9Q, kijana akawa na daftari anaandika kila anayemsikia. Bando inaliwa, nisiwadanganye, na umeme ukikatika usiku unabaki na chaji ya simu tu, kwa hiyo jazeni pawabanki mapema.

Kilichopungua ni wenzake. Uskauti umejengwa juu ya kikosi kidogo, watoto sita mpaka wanane na kiongozi wao mtoto mwenzao, na hilo simu haina. Nilimwona anafanya kazi zote vizuri lakini hajui kumwachia mwingine zamu, hajui kumsubiri aliye mzito. Nikaongea na majirani, tukapata watoto watatu, wasichana kwa wavulana, sasa Jumamosi wanapika bundu, yaani ugali wa muhogo, nje kwenye mafiga, mmoja anatafuta kuni, mwingine maji, wanagombana nani akoroge, na ni hapo ndipo nilipoanza kuona kitu nilichokuwa nakitafuta. Yule kiongozi anatuma kazi moja kwa wote wanne.

Na ahadi ya skauti msiifanye kwa video. Hilo mimi nimelikataa. Tulipanda gari mpaka mjini, akasimama mbele ya kikundi kamili, akainua vidole vitatu, akafungwa skafu shingoni, akapewa mkono wa kushoto na kila mmoja. Nauli iliuma lakini hiyo ndiyo safari ya kuiwekea akiba.

Nyota nne kati ya tano. Moja naizuia kwa sababu hakuna mtu aliyeweka maelekezo ya Kiswahili ya kazi hizi kwa mzazi wa kijijini, kila kitu Kiingereza, na jirani zangu wawili wananisubiri mimi niwasomee. Mwenye nayo kwa Kiswahili, hata ya Kenya au Tanzania, anitumie, nitaichapisha mjini niwagawie kabla ya Oktoba.