Gari Linachemsha: Kipuri Gani Ununue Kwanza

Kati ya Desemba na Machi, joto la Dar es Salaam linapokutana na foleni ya jioni, gari lenye kasoro ndogo katika mfumo wa kupooza injini hujitangaza lenyewe. Wenye magari wengi, wakiona mshale wa joto umepanda, hukimbilia kununua rejeta kwa sababu ndiko mvuke unakotokea. Mwongozo huu unapanga vipuri kwa utaratibu tofauti, kuanzia vile vya bei ndogo vinavyochakaa mara nyingi hadi vile vinavyostahili kununuliwa baada ya vipimo tu.

Kabla ya kwenda dukani, chunguza gari linachemshia wapi. Likichemsha kwenye foleni na kutulia linapopata mwendo, shaka iangukie feni, kwa kuwa upepo wa barabarani ndio unaoifanyia kazi yake. Likienda vizuri mjini lakini likachemsha kwenye mwendo mrefu wa kasi au kwenye mpando kama Kitonga, basi maji hayazunguki ya kutosha: rejeta imeziba, themostati (vali inayofunguka kwa joto ili maji yapite kwenda kwenye rejeta) haifunguki sawasawa, au pampu ya maji imechoka. Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Subiri mpaka mpira wa juu wa rejeta uweze kubonyezwa kwa mkono bila kuunguza.

Nafasi ya kwanza naupa mfuniko wa rejeta. Ni kipuri kidogo ambacho watu hukidharau, ilhali ndicho kinachobana shinikizo ndani ya mfumo na kupandisha kiwango cha maji kuchemka. Mifuniko mingi ya magari ya Kijapani huandikwa 0.9 au 1.1, yaani kilo kwa kila sentimita mraba. Kwa mfuniko mzima wa 1.1, maji matupu yaliyoko usawa wa bahari huchemka kwenye nyuzijoto 120 na ushee badala ya 100. Mfuniko uliolegea springi au kupasuka mpira huondoa faida hiyo yote, na anayeishi Mbeya, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, hubaki na maji yanayochemka karibu na nyuzijoto 94. Nunua wenye namba ileile iliyopendekezwa kwa gari lako, kwa maana namba kubwa zaidi huweza kupasua mipira na matangi ya plastiki.

Ya pili ni kulanti, dawa inayochanganywa na maji ya rejeta. Kwetu pwani hakuna barafu, kwa hiyo tunachonunua hasa ni kinga dhidi ya kutu na magamba, pamoja na ongezeko la kiasi katika kiwango cha kuchemka: mchanganyiko wa nusu kwa nusu huchemka kwenye nyuzijoto 107 hivi hata bila shinikizo. Soma chupa uone kama kulanti imekwisha kuchanganywa au ni nzito ya kuongezewa maji, kwani kuitumia ile nzito peke yake ni kosa, maji yakiwa ndiyo yanayobeba joto vizuri zaidi. Tumia maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyoondolewa chumvi; maji ya kisima yenye chumvi ndiyo yanayojaza magamba kwenye vijia vya rejeta. Rangi isikudanganye, maana kila mtengenezaji huchagua yake. Chupa iwekwe mbali na watoto na wanyama, kwa kuwa aina iliyozoeleka ina ladha tamu na ni sumu.

Ya tatu ni themostati, na hapa sina budi kukemea desturi moja ya gereji zetu. Fundi aliyewahi kulishika gari langu aliitoa, akasema nchi ya joto haiihitaji. Gari likawa linakula mafuta zaidi, na tatizo halikuisha. Katika injini nyingi themostati hufunga pia njia ya mkato ya maji, hivyo ikitolewa, sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Kuijaribu ni rahisi: itumbukize katika sufuria ya maji yenye kipimajoto. Ile iliyoandikwa 82 inapaswa kuanza kufunguka karibu na nyuzijoto hizo. Unapofunga mpya, badilisha pia mpira wake, kisha toa hewa yote kwenye mfumo.

Feni ya umeme ni ya nne. Washa kiyoyozi, feni isipozunguka, angalia fyuzi na relei kwanza, maana mara nyingi mota haina kosa.

Rejeta yenyewe naiweka ya tano. Kabla ya kuinunua, ioshe kwa maji kutoka upande wa injini kwenda nje, kwa sababu vumbi na wadudu hukwama kati yake na kondensa, ile rejeta ya kiyoyozi iliyo mbele yake. Ikibidi kununua, mpya ya alumini yenye matangi ya plastiki ni bora kuliko ya mtumba ambayo hujui ilinyweshwa maji gani. Gari la gia otomatiki mara nyingi huhitaji rejeta yenye njia mbili za mafuta ya gia kwenye tangi lake; wanunuzi wengi hugundua hilo wakiwa tayari wamefika nyumbani.

Pampu ya maji inunuliwe ikivuja kwenye shimo lake dogo au ikitoa mlio wa beringi. Dawa za kuziba matundu naziweka mkiani: zinaweza kukufikisha gereji, lakini pia huziba vijia vya rejeta.

Ikiwa injini baridi, mfuniko ukiwa wazi, inatoa mapovu mfululizo mara tu inapowashwa, au moshi mweupe hauishi kwenye ekzosi, usinunue chochote kati ya hivi. Gasketi ya hedi, yaani kizibo kilicho kati ya bloku ya injini na hedi (sehemu yake ya juu), inaelekea kuwa imeungua, na fedha ya rejeta itahitajika kupimia na kusawazishia hedi.