TAHADHARI: Kuna fundi anapita majumbani kuuza kinga ya "DoS Attack" (shambulio la kuufurika mtandao hadi ukwame)

Ndugu zangu wa Tabata na jirani, kuna kijana anajiita mtaalamu wa usalama wa mtandao. Msimpe hela.

Juzi mama mdogo kanipigia, sauti inatetemeka: "Mwanangu, tumevamiwa." Kijana alikuja kutengeneza waifai, akafungua kumbukumbu za ruta (kile kifaa kinachosambaza waifai), akamwonyesha mistari zaidi ya 40 iliyoandikwa "DoS Attack: ACK Scan". Akamwambia wadukuzi wako mlangoni, watamkomba hela zote za kwenye simu. Akamtoza shilingi 180,000.

Mnajua alichofanya? Alitoa tiki kwenye kiboksi kinachoiamuru ruta iandike mashambulio. Basi. Mistari ikakoma, mama wa watu akashukuru.

Nilirudisha ile tiki, tukakaa tukisubiri. Haikupita nusu saa mstari ukatokea: anwani ya mtandaoni inaanza na 157.240, poti 443 (mlango unaopitiwa na tovuti na programu nyingi). Anwani hizo ni za Meta, wenye WhatsApp. Mama mdogo anauza keki na oda zote anapokelea WhatsApp!

Iko hivi. Simu ikianza kuwasiliana na seva (kompyuta ya upande wa pili inayohudumia programu), ruta inaweka kwenye orodha yake nani anaongea na nani. Mawasiliano yakiisha au yakikatika, inafuta. Sasa jibu la seva likichelewa likafika baada ya hapo, ruta haijui ni la nani, inalitupa. Ruta za Netgear zinajulikana kwa kuliandika jibu kama hilo kuwa ni shambulio. Limeshatupwa, halijaingia popote. Ukiona poti 443, mara nyingi ni tovuti au programu uliyoifungua mwenyewe. Itafute anwani kwenye WHOIS, daftari la mtandaoni la wenye anwani, ni bure, utaona mwenyewe ni ya nani.

Wapo pia wanaopapasa ruta za watu kweli. Shodan na Censys, huduma zinazoorodhesha vifaa vilivyo mtandaoni, wanapitia anwani za dunia nzima usiku na mchana, na ruta inawazuia bila kulipwa na mtu.

Kilichoniuma zaidi: nywila ya kuingilia ruta aliiacha ile ile ya kiwandani. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka vifaa kwa malaki kwa kujaribu nywila za namna hiyo tu. Nimeibadilisha, nimesasisha programu ya ruta, na nimezima uwezo wa kuiendesha kutoka nje. Dakika 20, bila senti.

Namba ya kijana haipatikani tangu jana. Kama kapita kwako, niandikie inboksi, tuongozane polisi.